Ruzuku ya serikali kwa jumuiya ndogo za Pemba: nyota tatu, na sababu zake

Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma huku fomu iko mkononi. Ombeni. Pesa zipo, zinatoka kweli, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna mtu aliyetuomba hata soda. Lakini msiombe kama hamna akiba pembeni ya kukuvusheni miezi kadhaa, na kama kazi yenu inafuata mvua, mwezi au bahari, someni kwanza niliyoyaandika hapa chini kuhusu tarehe 30 Juni. Natoa nyota tatu kati ya tano. Mwenyekiti wetu angetoa mbili, katibu angetoa nne. Mimi ni mshika fedha, na risiti nilizishika mimi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiona hukumu yangu ndiyo sahihi.

Sisi ni jumuiya ya wanawake, wilaya ya Micheweni. Tunapanda mikoko kwenye ukingo ambao maji ya chumvi yameanza kuupenya na kuingia mabonde ya mpunga. Tulisajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya namba 6 ya mwaka 1995, tuna katiba, tuna muhuri, na tuna akaunti ya benki ambayo kabla ya ruzuku hii kazi yake kubwa ilikuwa kukatwa makato. Mfuko wenyewe sitautaja jina. Aliyewahi kuomba ataujua kwa fomu yake, na kijana wa dawati la Pemba aliyetusaidia bado yuko kazini na ana wakubwa wake.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Hii ni ruzuku, hairudishwi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu tulipopata barua, nusu ya wanachama waliuliza tunaanza kulipa lini, na wala sikuwashangaa. Pesa nyingi za serikali zinazofika vijijini kwa jina la vikundi ni mikopo. Wale wa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, wanajulikana kwa mikopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri tunayoisikia redioni, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ni ya Tanzania Bara, na yenyewe pia ni mkopo ingawa hauna riba. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu mwaka 2000, lakini siku hizi pesa zake zinakwenda zaidi kwa kaya maskini zenyewe na kwa kazi za shehia, hazikuandaliwa kwa ajili ya jumuiya yenye cheti chake. Ruzuku kwa jumuiya ni mlango wa pembeni, mwembamba, na walio wengi hawajui kama upo.

Na foleni mlangoni pale imerefuka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo huo shirika lake la misaada, USAID, likawa limefunga shughuli zake. Jumuiya kubwa za mjini zilizozoea wafadhili wa nje zimegeuka zinatafuta pesa za ndani. Zina wahasibu, zina gari, zina mtu ambaye kazi yake ni kuandika maombi tu. Tulikaa nao chumba kimoja siku ya maelekezo Chake Chake. Mbele yangu meza ilikuwa na kompyuta mbili na spika. Sisi tulikuwa na kaunta buku moja na kalamu ya kuazimana. Sisemi wasiombe, nao wana watu wanaowategemea. Nasema tu mjue mnashindana na nani.

Fomu iko kwa Kiswahili, na nyota moja kati ya zile tatu ni kwa sababu hiyo tu. Ina kurasa nyingi kuliko haja, lakini swali moja moja linaeleweka, na mahali pa kueleza tatizo lenu pana nafasi ya kutosha kusema mambo kama yalivyo. Katibu wetu aliandika kuhusu bonde moja ambalo bibi zetu walikuwa wakivuna mpunga na sasa linaota nyasi za chumvi tu. Hakupamba. Baadaye tukaambiwa kipande kile ndicho kilichotupandisha. Kwa hiyo wale mnaofikiria kumlipa kijana wa stesheneri akuandikieni maneno makubwa, hifadhini pesa yenu. Mlipeni kuchapa tu.

Kasoro ya fomu ni kwamba aliyeitunga amepanda miti ya nchi kavu. Sehemu ya vitalu ilitutaka tujaze idadi ya viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche), bei ya kiriba, udongo, samadi na maji ya kumwagilia. Sasa mkoko hauhitaji kiriba. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, inaning'inia kama tunda la mlonge, na ikishapevuka unaichukua na kuichomeka kwenye tope. Mchu na mlilana, ambayo nayo ni aina za mikoko, ndiyo inayotaka kulelewa kitaluni, na sisi hatukuomba mchu wala mlilana. Tukaandika sifuri. Barua ikarudi kutoka Unguja kwamba mradi wa upandaji miti usio na kitalu haujakamilika, turekebishe. Mwenyekiti alitaka tuandike viriba vya uongo ili mambo yaende. Nilikataa, kwa sababu viriba vya uongo vinataka risiti za uongo, na risiti ningeulizwa mimi. Kijana wa dawati ndiye aliyeokoa. Alipiga simu mbele yetu, akaeleza mkoko unavyozaa, kwa utulivu kabisa kama anamfundisha mtoto wa darasa la nne, na sifuri yetu ikapita. Katika fomu ya mzunguko mpya nimeona pale kwenye viriba wameongeza "kama inahusika". Walao hilo.

Viambatanisho navipitia haraka: cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba (wenye saini za waliohudhuria, orodha ya majina haitoshi), taarifa ya benki, barua ya sheha, nakala za vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi vya viongozi watatu. Sisi wa pwani tuliongezewa barua ya watu wa misitu, kwa kuwa mikoko nayo ni msitu na Sheria ya Misitu namba 10 ya mwaka 1996 inaihusu. Barua ya sheha tuliipata siku hiyo hiyo. Ya misitu ilichukua muda zaidi lakini ilikuja na ushauri wa bure kuhusu sehemu ambazo tope lake halifai, na ushauri ule ulikuwa na thamani kuliko barua.

Kwenye hesabu zilizokaguliwa hapo nisikilizeni vizuri. Tangazo lilisema zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa. Jumuiya moja jirani ilikimbilia kumlipa mkaguzi pesa inayokaribia robo ya walichotarajia kuomba. Siku ya maelekezo ikaelezwa, kwa mdomo, kwamba kwa daraja dogo la ruzuku zinatosha hesabu zilizosainiwa na viongozi na kupitishwa na mkutano mkuu. Haikuandikwa popote. Jirani zetu walikaa kimya pale ukumbini, na mie niliwaonea huruma. Ulizeni kila kitu kabla hamjatoa senti, na ulizeni kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, mpate cha kuonyesha.

Dawati la Pemba lina watu wazuri, saini halina. Kila karatasi yenye uzito lazima ivuke. Mkataba wetu ulipanda boti kwenda Unguja, ukarudi kwa sababu muhuri ulikuwa umekaa juu ya tarehe, ukapanda tena. Ukipiga simu makao makuu unaambiwa liulize dawati la Pemba, na dawati la Pemba linakwambia, kwa aibu, faili liko Unguja. Sina haja ya kueleza zaidi, kila Mpemba aliyewahi kufuatilia jambo serikalini ana kisa chake. Ila kwa mfuko ulioanzishwa mahsusi kwa ajili ya jumuiya ndogo, kumpa mtu mmoja wa Chake Chake uwezo wa kusaini mikataba ya daraja dogo lisingekuwa jambo la kuvunja nchi.

Nimsifu tena yule kijana halafu nimwache, nisije nikamharibia. Kabla hatujakubaliwa alikuja kukagua eneo. Wengine huja wakasimama kwenye lami, wakapiga picha, wakaondoka. Yeye alivua viatu, akakunja suruali, akaingia topeni na mzee mmoja wa kamati ya bahari hadi kwenye mikoko ya zamani. Akauliza nani anakata kuni huku na kwa nini, mbuzi wa nani wanashuka, na mwenye bonde amekubali au tumemkubalia sisi. Maswali hayo matatu yalitufanya turudi nyumbani tukafanye kikao na wakata kuni, kikao ambacho tulikuwa tunakikwepa muda mrefu. Walikubali kutuachia upande mmoja. Bila ya hapo tungepanda, wao wangepita, na mfuko ungehesabu hasara.

Sasa pesa. Tuliomba milioni nane na nusu, tukapewa sita. Iliyokatwa ni sehemu ya chakula cha wapandaji na ya kukodi vyombo, na barua haikusema kwa nini. Zinakuja kwa mafungu matatu: nusu mwanzo, asilimia thelathini baada ya ripoti ya kwanza, na ishirini ya mwisho baada ya kazi kwisha na ripoti kukubaliwa. Soma tena hiyo ya mwisho. Maana yake ni kwamba milioni moja na laki mbili tunazitumia kwanza kutoka mfukoni, halafu tunarudishiwa. Mfuko wa nani? Jumuiya ambayo ingekuwa na milioni moja na laki mbili za kukaa zinasubiri isingekuwa na shida ya kuomba. Sisi tulichukua kwenye hisa za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho bahati nzuri wanachama wake ni hao hao, na kikundi kilitutoza riba yake ya kawaida kama kinavyomtoza mtu yeyote. Ile riba haikuwa na mstari kwenye bajeti ya ruzuku. Tuliilipa wenyewe kwa mwani.

Fungu la mwisho lilifika, limetimia, halikupungua hata shilingi. Lilifika limechelewa sana. Mpwa wangu anayesomea mambo ya utawala aliniambia huu ni ugonjwa wa serikali nyingi, na kwamba jimbo la New York kule Marekani tangu mwaka 1991 lina sheria inayoitaka serikali ya jimbo iilipe riba jumuiya iliyocheleweshewa malipo kwa sababu mkataba wake ulichelewa kusainiwa. Na anasema hata huko jumuiya bado zinalalamika kucheleweshewa. Hilo lilinifariji kidogo na kunikasirisha kidogo. Sidai riba. Ningeridhika na barua inayosema pesa zimekwama wapi.

Nije kwenye tarehe 30 Juni, na hapa ndipo zilipopotea nyota mbili.

Bajeti ya Zanzibar inapitishwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani kabla ya Julai, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kila shilingi iliyoidhinishwa kwa mwaka ule inatakiwa iwe imetumika kabla ya 30 Juni inayofuata. Mfuko wetu unakula sahani hiyo hiyo. Tangazo lilitoka Septemba. Majibu Januari. Mkataba ukamaliza safari zake za boti mwezi wa Machi. Fungu la kwanza likaingia benki katikati ya Mei, pamoja na barua inayotukumbusha kwamba litumike lote na ripoti iwe mezani kabla ya mwaka wa fedha kufungwa.

Sasa chukueni kalenda ya pili. Kwetu mbegu za mkoko zinaanguka kwa wingi wakati wa masika. Hazisubiri. Zikianguka, zile zisizojichomeka zenyewe zinachukuliwa na maji, na baada ya hapo unachookota ni kilichoungua jua au kilichotobolewa na wadudu. Machi na Aprili tulikuwa na mbegu hatuna pesa. Mwishoni mwa Mei tulikuwa na pesa na mbegu ziko njiani kwenda Kenya.

Tulichofanya, tulikodi ngalawa kwa pesa ya hisa, tukaokota Aprili kwa kujitolea, tukazihifadhi kivulini chini ya magunia tuliyokuwa tukiyarowesha asubuhi na jioni. Nyingi zilisalimika. Lakini mkataba unasema matumizi yaliyofanyika kabla ya pesa kuingia hayatambuliki. Kwa hiyo kazi iliyokuwa muhimu kuliko zote, ya kuokota, kwenye vitabu vya serikali haipo kabisa. Ukisoma ripoti yangu utadhani mbegu zilijileta.

Halafu zikabaki wiki sita za kutumia milioni tatu. Mnajua kinachotokea mtu akiambiwa atumie haraka. Watu wananunua vitu. Tulinunua mabuti ya mpira, glavu, na kamba nyingi kuliko tutakazotumia maisha yetu yote. Nina kamba za kumfunga kila mbuzi wa Micheweni. Zile pesa zingekaa hadi masika ya pili zingeokota na kupanda eneo mara mbili ya lile, lakini zingekaa zingehesabika bakaa, na bakaa inarudi hazina, na jumuiya iliyorudisha bakaa inaonekana haina uwezo.

Najua sababu, sitaki mtu aje aniambie sielewi. Pesa za umma zina sheria zake, na afisa hawezi kuamka tu akaongeza miezi. Lakini Septemba si amri ya Mungu. Tangazo likitolewa Julai, mikataba ikasainiwa Oktoba, pesa ziingie kabla ya Januari, wakulima wa mpunga, wapanda mikoko na wakulima wa mwani wote tutapumua. Hata shughuli za skuli zingefaidika, maana muhula mpya unaanza Januari.

Bahari ina saa zake pia, na mfuko hauzijui. Timu ya ufuatiliaji kutoka Unguja ilipanga kuja saa nne asubuhi, muda mzuri wa ofisi. Tatizo ni kwamba walichagua siku za maji mafu, na kwetu siku hizo saa nne bahari imejaa. Wangekuja wiki moja baadaye, siku za bamvua, saa nne hiyo hiyo wangetembea kwa miguu hadi mstari wa mwisho. Nilituma ujumbe mapema. Ratiba ilikuwa imeshasainiwa. Wakaja, tukasimama wote ukingoni tunaangalia maji, na mmoja wao, mama mmoja mpole, akauliza, "Sasa hiyo miche iko wapi, dada?" Nikamwambia, "Iko chini hapo, mama, inakunywa." Alicheka, nashukuru. Tuliwaonyesha picha za simu zenye tarehe, wakazipokea. Nyie mtakaoombea kazi ya baharini, ambatanisheni kalenda ya maji na maombi yenu, hata kama haijaombwa.

Risiti. Mkataba unataka risiti ya kielektroniki na bei za wauzaji watatu kwa kila ununuzi. Mjini hilo halina shida. Konde, mabuti ya mpira yalikuwa kwa wauzaji wawili, na wa tatu alituandikia bei ya kitu asichokuwa nacho kwa kutuhurumia. Mwenye ngalawa hana mashine ya risiti. Mama anayepika wali na mchuzi wa pweza kwa wapandaji hana mashine ya risiti, na ukimwambia akuletee bei za wenzake wawili anadhani unamtukana. Baada ya mvutano mrefu tulikubaliana na utaratibu huu, nao ulipita, kwa hiyo unakilini: fomu ya malipo yenye jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kazi iliyofanyika, kiasi, saini au dole gumba, na muhuri wa sheha chini. Kila ukurasa picha. Sheha wetu alilalamika kwamba wino wake umekwisha kwa ajili yetu, tukamnunulia kidau cha wino, na kidau kile nina risiti yake.

Gharama za uendeshaji, yaani nauli, bando, fotokopi, zimo ndani ya asilimia ndogo na zote zinatakiwa ushahidi, hata nauli ya gari ya Konde kwenda Chake, ambayo konda hajawahi kumwandikia mtu risiti tangu gari hizo zianze. Nirudi kidogo Marekani kwa mpwa wangu: kwenye ruzuku za serikali yao kuu, jumuiya isiyokuwa na kiwango ilichokubaliana na serikali inaruhusiwa kudai gharama hizo kama asilimia fulani ya gharama za mradi wenyewe, bila kuthibitisha kalamu moja moja. Ilikuwa 10, na tangu Oktoba 2024 imepandishwa hadi 15. Sisi wala hatuhitaji 15. Tano tu, bila kumkimbiza konda.

Na posho, jambo ambalo watu wanaliogopa kulisema. Mfuko haulipi posho kwa wanachama wanaofanya kazi, kwa hoja kwamba kazi yao ndiyo mchango wa jamii. Nakubali kwa nusu. Lakini siku ya mafunzo ukumbini Chake Chake kulikuwa na posho ya kujikimu, nauli, chai ya saa nne, chakula cha mchana na bango kubwa. Mwanamke aliyekaa kwenye kiti akisikiliza amelipwa. Mwanamke aliyeinama topeni na mtoto mgongoni amechangia. Bango, kwa taarifa yenu, ni la lazima, lazima liwe na nembo zote, na bei yake ilikuwa sawa na siku nzima ya ngalawa mbili. Limefungwa ukingoni. Watoto wanalipiga mawe.

Pamoja na hayo, mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri khasa, na nisiposema nitakuwa mnafiki. Mwalimu wa hesabu alitufundisha daftari la fedha taslimu, kulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwezi, na kwa nini anayetunza pesa asiwe anayeidhinisha malipo. Hakutumia maneno ya kutisha. Alichukua risiti zetu halisi, za kamba zile, akazipanga mbele ya kila mtu. Sasa vitabu vyetu vinasomeka, na mwanachama yeyote akitaka kujua shilingi imekwenda wapi ninamfungulia ukurasa. Kikundi cha kuweka na kukopa nacho kimehamia kwenye utaratibu huo huo. Kwangu mimi hii ni nyota ya pili. Ya tatu ni ya kijana wa topeni.

Nina dai moja kubwa lililobaki. Orodha ya waliopata ilibandikwa. Orodha ya waliokosa na sababu zao haikubandikwa, wala hawakuandikiwa. Jumuiya moja ya watu wenye ulemavu, jirani zetu, waliomba vyerehani, wakajaza fomu vizuri, niliisoma mwenyewe, wakakosa. Mpaka leo hawajui kama walipungukiwa na karatasi, au alama, au bahati. Wataomba vipi tena? Alama zipo, maana sisi tulisomewa zetu. Kumpa kila mwombaji karatasi ya alama zake ni kazi ya printa na asubuhi moja.

Mzunguko mpya umefunguliwa na sisi tumeomba tena. Safari hii tumeomba milioni nne tu, ili ile ishirini ya mwisho isituumize, na tumeweka kazi ya mchu pamoja na mkoko kwa kuwa mchu unalelewa kitaluni na hautatulazimisha kushindana na masika. Viriba tumejaza. Mahali pa kuandika tarehe ya kuanza fomu inatoa miezi ya Aprili hadi Juni peke yake, kwa hiyo katibu amepiga mstari, ameandika Januari pembeni kwa mkono, na sote watatu tumesaini hapo. Kijana wa dawati ametwambia hajui kama itakubalika, ila ataipeleka kama ilivyo.

Mnaokwenda kuchukua fomu, nendeni mapema na nakala zenu tayari, fotokopi ya jirani na ofisi ile ni ghali. Kama shehia yenu iko pwani na mnataka ile fomu yetu ya malipo ya dole gumba, niulizeni hapa hapa, nitawatumia. Haina hakimiliki.